Gari Lisilo na Tairi la Spea



Tunawaomba radhi wasomaji wetu waliokuwa wakisubiri tuendelee na mazungumzo ya mirathi. Tutayarejea wiki ijayo, inshallah. Tumetoka karibuni Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, tulikokwenda kumzuru binti yetu na wajukuu, na safari hiyo imetufunza jambo ambalo si haki kulinyamazia, kwani nyumba kadhaa za huku Pwani zina gari la aina ile ile na wenyewe hawana habari.

Mkwe wetu aliagiza gari kutoka Japani. Lilishuka bandarini Mombasa likiwa na umri wa miaka saba, ndani ya ile minane inayoruhusiwa na Kenya, zuri la kupendeza, viti vya ngozi. Hakuna aliyefunua zulia la buti. Lau tungalifunua, tungaliona kwamba hapana tairi la spea, wala jeki, wala spana.

Tuliyajua hayo njiani. Tulishuka kwenye treni Emali, sisi na mama watoto, na binti yetu akaja kutupokea pamoja na wanawe wawili. Kutoka hapo hadi Loitokitok ni yapata kilomita 100. Jua lilikuwa limeanza kushuka ilipowaka taa ndogo ya manjano mbele ya dereva. Tukauliza. "Haina neno, Baba," akatujibu. "Matairi haya huenda hata bila upepo." Akakaza mwendo, nasi tukanyamaza, kwa kuwa hatukujua.

Tulipopita Imbirikani gari likaanza kunguruma na kuvuta upande mmoja. Nchi ile ni njia ya ndovu wanaovuka baina ya Amboseli na vilima vya Chyulu. Si mahali pa kuteremsha watoto magharibi ikiingia. Tuliburura hivyo hivyo hadi Kimana, nyuso zimetusawijika, na hapo tukamkuta fundi wa pancha akifunga kazi yake.

Kijana yule alilivua tairi, akatia mkono ndani, akautoa umejaa unga mweusi wa mpira. "Ustadhi," akasema, "nikiliziba hili nitakula pesa yako bure. Ubavu umekwisha." Tunamwombea baraka. Angeweza kuliziba akatuacha tuende zetu.

Tairi la namna hii mafundi huliita ranflati. Ubavu wake umetengenezwa kwa mpira mnene na mgumu, hata upepo ukitoka wote, ubavu wenyewe hubeba gari. Lakini kubeba huko kuna mpaka: kwa kawaida ni kilomita 80, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Likipita hapo, au likienda mbio, ubavu husagika kwa ndani huku nje ungali unang'aa. Kwa kutegemea uwezo huo kiwanda huondoa tairi la spea, gari likapungua uzito na buti likapata nafasi. Magari mengi ya BMW tangu miaka ya mwanzo ya 2000 yametoka hivyo, na mengine pia. Mwenye shaka na atazame ubavuni mwa tairi lake: akiona herufi RFT, ROF, SSR au ZP, basi ndilo.

Hatusemi ni tairi baya. Mwanamke aendeshaye peke yake usiku mjini Mombasa au Nairobi, likimtoboka, hana haja ya kuteremka gizani. Huenda polepole hadi kwake. Hiyo ni hifadhi kubwa, na aliye mjini hatumshauri aliache. Ila kilomita 80 zina faida pale ambapo mwisho wake pana duka lenye tairi la kipimo chako. Kimana hapakuwa nalo. Loitokitok hapakuwa nalo. Tuliliacha gari pale, tukakodi jingine, na siku tatu tulingojea mzigo kutoka Nairobi. Tena ugumu ule wa ubavu hauna huruma na mashimo ya barabara. Mshindo wote huishia kwenye ringi na mgongoni mwa abiria, na mama watoto anaweza kutoa ushahidi.

Basi mkwe wetu alikata shauri kununua matairi ya kawaida. Hapo pana mambo ya kuangaliwa. Yabadilishwe yote manne kwa pamoja, kwani laini na gumu yakichanganywa gari huyumba kwenye kona. Namba ya uzito isishuke chini ya ile ya mwanzo: 91, kwa mfano, maana yake kila tairi hubeba kilo 615. Zitazamwe pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozeeka dukani halifai kwa kuwa tu halijatumika. Kisha tairi la tano linunuliwe siku ile ile, pamoja na jeki na spana, na lifungwe kwa mkanda ndani ya buti. Likiachwa huru, siku ya kufunga breki ghafla litakuwa jiwe linalorushwa kwa waliokaa nyuma. Ndiyo, litakula nafasi ya mizigo. Na iulizwe mapema nati yenye kufuli iko wapi na ufunguo wake, maana wa gari letu ulibaki Japani na fundi alihangika nayo nusu siku.

Linalotutia hofu zaidi ni ile taa. Binti yetu alizoea kuipuuza, na kwa matairi ya kwanza kuipuuza kulikuwa na nafuu ya muda. Sasa ikiwaka, maana yake ni kusimama mara tu atakapopata mahali pa salama. Tairi la kawaida likiendeshwa bila upepo huchanika na kumpokonya dereva usukani. Tulimwambia hayo mara tatu, mpaka akacheka: "Nimesikia, Baba."

Asubuhi ya mwisho tulimfundisha uani kubadilisha gurudumu. Breki ya mkono, jiwe nyuma ya gurudumu, nati zilegezwe kabla ya kuinua gari na si baada. Nguvu zikipungua, asimame kwa mguu juu ya spana. Jirani mmoja, mwanamume, alipita akatuuliza kwa nini tunamchosha mtoto wa kike kwa kazi ya wanaume. Tulimwuliza ni mwanamume gani atakayekuwa naye kati ya Emali na Imbirikani. Alituaga.

Lilibaki suala la matairi ya zamani. Mkwe wetu alipata mnunuzi wa yote manne. Lile lililosagika lilikuwa limepanguswa, na kwa macho halikutofautiana na wenzake. "Si anayatazama mwenyewe, Baba?" akatuambia. Tukamkumbusha Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina, akakuta umaji chini ya kikavu, na namna alivyomkemea mwenye mali. Aibu iliyojificha ndani ya tairi ni ile ile, na hii huua.

Mnunuzi alipoelezwa, alichukua matatu na kuteremsha bei kuliko tulivyotarajia. Mkwe wetu alinuna mpaka adhuhuri. La nne tulilikata kwa msumeno tusije tukaliona barabarani, na binti yetu amepanda mrehani katika nusu yake.