Nyumba si ndogo, vitu ndivyo vingi

Maneno haya ni kwenu dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaojiandaa kuwafuata waume zenu Dodoma.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa sasa inahamia Dodoma kweli, wengi wetu wa Unguja na Pemba tumejikuta Kisasa, Nkuhungu na Ilazo, katika nyumba za kupanga za vyumba viwili na sebule. Malalamiko yetu ni mamoja: nyumba ndogo, hatuna pa kuweka vitu. Na ushauri tunaopeana ni mmoja: nunua kabati jengine, nunua makasha ya plastiki ya kusukumia chini ya kitanda.

Ushauri huo haufai. Kabati halipanui nyumba, linaila.

Hebu tuyafungue hayo makabati. Hotipoti sita ndani ya maboksi yake. Seti mbili za sahani "za wageni" ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzigusa. Mapazia ya nyumba ya zamani yasiyoenea madirisha haya. Mashuka ya harusi bado yamo kwenye nailoni. Wenye nyumba wanakula kwenye sahani za plastiki, na wakati wa sala ukifika, lazima meza isogezwe ndipo mswala upate pa kutandikwa. Sasa nyumba hii ni ya watu au ya hotipoti?

Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, la nne akalihesabu la shetani. Maulamaa wameeleza kuwa kinachokemewa ni cha ziada kisicho na haja. Angalieni: mgeni ana nafasi yake katika hesabu hiyo. Je, kwetu anayo? Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Mama mkwe anaweza kupanda boti asubuhi Unguja na usiku huohuo akawa kwako. Atalala wapi, juu ya maboksi?

Wako watakaosema kujaza vyombo ni desturi yetu. Desturi ipi? Bibi zetu wengi waliingia kwa waume zao na sanduku moja la mbao lenye misumari ya shaba, likawatosha kwa nguo, dhahabu na udi. Na wenyeji wetu hapa, Wagogo, ndani ya tembe zao walihifadhi nafaka ya kuwavusha kiangazi. Nafasi ilipewa chakula, si pambo.

Wengine watasema, "Kitafaa siku moja." Hiyo siku moja huijui, lakini vumbi la Dodoma unalijua. Kiangazi kizima upepo unalileta, na kila kilicho juu ya kabati ni kazi yako ya kufuta.

Basi tuanze hivi:

1. Tusinunue chochote cha kuwekea vitu kabla ya kupunguza vitu vyenyewe.

2. Tushughulikie sehemu moja kwa siku: leo kabati la vyombo, kesho chini ya kitanda. Ambacho hakikutumika tangu Ramadhani hadi Ramadhani, kitoke.

3. Tutoe kizuri. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kibovu tunapotoa. Hotipoti mpya apewe jirani anayeuza chapati asubuhi. Kikombe kilichopasuka si sadaka.

4. Kinachobaki kipande ukutani, kwenye rafu na misumari. Sakafu ibaki wazi, na pembe moja iwe ya mswala, isiwekwe kitu.

Lakini lawama si za bibi harusi peke yake. Mama, shangazi, somo: kabla ya kupanga kitchen party, ulizeni mwari anakwenda kwenye vyumba vingapi. Mnashindana kwa vyombo ukumbini, kisha mtoto anasafirisha mzigo hadi Dodoma na kulala nao chumba kimoja. Michango hiyo igeuzeni fedha, mumsaidie kodi ya miezi ya mwanzo. Watu wa ukumbini watanuna usiku mmoja tu, na yeye atapata pa kukaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye nafasi ya sijda na nafasi ya mgeni. Amin.