Kisigino Kinapouma Alfajiri

Wako akina mama wengi ambao hatua ya kwanza kutoka kitandani, wanapokwenda kutia udhu wa alfajiri, huwa kama wamekanyaga msumari. Wakishatembea kidogo maumivu hupungua. Jioni, baada ya kusimama jikoni au dukani kutwa nzima, hurudi. Nyumbani huambiwa ni baridi ya sakafu, au ni gauti, na vidonge hununuliwa bila kupimwa.

Maelezo hayo peke yake humfikisha tabibu mbali. Chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Ukielemewa na uzito wa mwili, kusimama sana au kandambili zilizokwisha soli, huumia pale uliposhikana na mfupa. Usiku hukaza, hatua ya kwanza huuvuta ghafla. Daktari hubonyeza kisigino upande wa ndani, na mara nyingi hahitaji zaidi ya hapo. Eksirei ikionyesha mfupa uliochomoza kama mwiba, mgonjwa asitaharuki wala asikimbilie kupasuliwa: wako watu wengi wenye mwiba huo ambao hawajapata kuumwa hata siku moja.

Gauti ina tabia nyingine. Huja ghafla, aghalabu usiku. Kiungo cha kidole gumba cha mguu huvimba na kuwa chekundu, hata shuka likikigusa ni adhabu. Na maumivu yanayozidi kila unapotembea, hasa baada ya mwendo mrefu usiouzoea, yaweza kuwa ufa wa mfupa, ambao eksirei ya siku za mwanzo huweza isiuone.

Lakini mguu tunaouhofia zaidi ni ule usiouma. Mwenye kisukari huweza kuanza kwa kuhisi moto au ganzi nyayoni, kisha asihisi kitu. Akanyage mwiba asubuhi, aje kuujua jioni kwa damu iliyomo kiatuni. Tabibu humgusa nyayo kwa uzi wa nailoni, naye akiwa amefumba macho aseme ameguswa wapi. Ni kipimo cha dakika chache tu, nasi hatuoni sababu ya mgonjwa yeyote wa kisukari kukikosa.

Baba mwenye maradhi hayo, kila atiapo udhu, na atazame baina ya vidole na chini ya nyayo. Asipoweza kuinama, mwanawe amtazamie. Kikionekana kidonda, hata kiwe kidogo na hakiumi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala asikitie majivu.