Tumbo lisilotulia: tununue probiotiki?



Kati yetu wako wenye tumbo lisilotulia: leo linajaa gesi, kesho linakata, mara kuharisha, mara choo kigumu. Tunasema tu "ni amiba", kisha tunakimbilia farmasi bila kupimwa. Lakini amiba hutafutwa kwa kupima choo. Kama muganga amepima na hakuona kitu, na maumivu yanarudi kila juma kwa miezi 3, huenda ni utumbo wenyewe unaohangaika. Hali hiyo haiui, ila inachosha sana. Na kumeza antibiotiki ovyo kunaua hata vijidudu vizuri vinavyokaa tumboni.

Sasa wauzaji wanatuletea vidonge vya probiotiki. Ni nini? Ni vijidudu hai vya kusaidia mwili. Wazo si jipya: zaidi ya miaka 100 iliyopita, Metchnikoff wa Institut Pasteur kule Paris alikuwa akisifu maziwa ya kuganda. Kwa utumbo unaohangaika, vidonge hivyo vinasaidia watu fulani, wengine hapana. Ukitaka kujaribu, chukua aina moja kwa majuma 4, yasizidi 12. Usipoona nafuu, acha. Pesa hiyo inaweza kulipa masomo ya mtoto. Mtoto mchanga au mgonjwa aliyedhoofika asipewe bila muganga.

Maziwa ya kuganda si dawa ya uhakika, lakini ni chakula kizuri, na yana vijidudu hai. Tengeneza hivi:

1. Chemsha maziwa, maana mabichi yanaweza kuleta magonjwa.
2. Yaache yapoe mpaka vuguvugu.
3. Tia vijiko 2 vya maziwa yaliyoganda, koroga, funika usiku kucha.
4. Usiyachemshe tena, moto unaua vijidudu. Ndiyo sababu bugali wa muhogo uliolowekwa hauna vijidudu hai, hata kama muhogo ulichacha.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda, una homa, unapungukiwa damu, au maumivu yanakuamsha usiku, usijaribu chochote nyumbani. Nenda kituo cha afya.

Swali la mkutano wetu ujao: mara ya mwisho ulipomeza dawa ya amiba, nani alipima choo chako?

Tuonane juma lijalo.