Tanuri la Ufipa na Maabara ya Kampuni

Wako wasomi wasemao kwamba utafiti wa ufundi ni jambo geni kwetu, na kwamba hatuna budi kungoja kampuni kubwa za kigeni zituletee maabara kama mkulima angojavyo mvua. Kauli hiyo naipinga.

Katika nyanda za juu za Ufipa, zinazouzunguka mji wa Sumbawanga, yangali magofu ya matanuri ya udongo yaitwayo malungu. Tanuri lilikuwa refu kupita mtu, yapata mita 3, nalo lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Ufundi kama huo haupatikani kwa siku moja wala kwa bahati. Kama si tunda la utafiti, neno hilo halina maana.

Lakini siri za tanuri zilikaa kifuani mwa fundi mkuu na warithi wake. Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, moto ulizimika, na siri nyingi zikazikwa pamoja na wenyewe. Wachunguzi kama Profesa Bertram Mapunda iliwabidi kuitafuta elimu hiyo katika magofu na mavi ya chuma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maabara ya kampuni nayo ina siri zake. Bell Labs ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1925 chini ya kampuni ya simu ya AT&T, ilizaa transista mwaka 1947 kwa mikono ya Bardeen, Brattain na Shockley. Je, elimu ile ilienea kwa ukarimu? Hasha! Serikali iliishtaki AT&T kwa kuhodhi biashara, na mwaka 1956 ikailazimisha kuwaruhusu wengine kuzitumia hataza zake za awali bila malipo. Redio ya transista iliyomfikia mkulima wa Ufipa ni tunda la mlango uliofunguliwa.

Mwaka 2013 IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Makofi yalipigwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa makofi. Hataza zitakuwa za nani? Matokeo yataandikwa kwa lugha gani? Mgeni akiondoka, nini kitabaki? Maswali haya sharti yajibiwe katika mkataba, kabla utepe haujakatwa.

Mpinzani wangu atasema kwamba masharti huwafukuza wageni. Na ajibu basi: mbona Bell Labs haikufa kwa masharti ya 1956, bali mwaka 1969 ikaanza kuunda Unix?

Vyuo vyetu na vidai nakala ya kila elimu inayopatikana katika ardhi yetu, na viihifadhi kwa Kiswahili. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watachimbua magofu ya maabara kama sisi tunavyochimbua malungu.