Tiketi inasema 02:40: ni usiku wa lini?

Mama mmoja wa Lugoba ameuliza. Binti yake anakwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani, na tiketi imeandikwa Ijumaa, 02:40. Watoke nyumbani lini? Na baada ya kuagana, asubiri simu mpaka saa ngapi? Mjomba mtu ameshatoa hukumu: wapande basi Ijumaa mchana, kwani saa mbili na dakika arobaini ni usiku wa Ijumaa.

Mama, mjomba akisikilizwa, mtafika Dar ndege ikiwa imeondoka zamani, na sidhani kama mjomba atalipa tiketi nyingine. Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Hivyo 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Wazee wetu wa pwani wangeelewa haraka, maana kwao usiku hutangulia mchana wake.

Uwanjani anatakiwa afike saa tatu kabla, yaani kabla ya saa sita usiku wa Alhamisi. Ondokeni Lugoba Alhamisi asubuhi. Safari ni ya kilomita zaidi ya mia moja tu, lakini foleni ya Kibaha hadi Mbezi haina adabu. Heri kukaa uwanjani na chapati zenu.

Sasa simu. Kutoka Dar hadi Muscat, kwa mstari ulionyooka angani, ni karibu kilomita 3,970. Ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa tano na nusu. Tiketi itaonyesha kufika 09:10, ukihesabu utapata saa sita na nusu. Hakuna ubaya: Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Wao wakiwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, saa yako Lugoba ni mbili na dakika kumi.

Ila angalia tena tiketi. Ikiwa katikati imeandikwa Doha, hesabu inabadilika sana. Kupitia huko ni karibu kilomita 4,500, umbali uliozidi si wa kutisha. Kinachokula muda ni kungoja. Atafika Doha baada ya kama saa sita (saa zao ni sawa na zetu), akae pengine saa nne, pengine kumi, ndipo aruke saa moja na nusu kwenda Muscat. Akingoja saa nne, atatua kama saa nane mchana kwa saa yako. Ongeza foleni ya uhamiaji, mizigo, kutafuta laini ya simu na safari ya gari. Simu inaweza kuingia magharibi na binti akawa salama kabisa.

Zamani jahazi likiondoka Bagamoyo kwa upepo wa kusi, habari zilingoja kaskazi ya kuwarudisha watu. Leo saa tatu za kimya zinatosha kumlaza mama bila kula.

Kabla hajaondoka, andikeni kwenye daftari namba ya kila ndege atakayopanda, jina na simu ya wakala, na jina, simu na anwani ya mwajiri. Kwa namba ya ndege, kijana yeyote hapo Lugoba mwenye simu ya intaneti atakutazamia kama imetua. Daftari libaki kwako, picha ya tiketi pia.