Klipu za waya za plagi: kitu kidogo kinacholaza mzigo njiani

Mwenye kubeba vitunguu vya Mang'ola kwenda Namanga kwa lori la dizeli anaweza kuyaruka makala haya, kwani injini yake haina waya za plagi. Yanamhusu mwenzake mwenye Hiace, Townace au pikapu ya petroli ya miaka ya tisini, yule anayechukua tenga za nyanya alfajiri na kutaka kuwa sokoni upande wa pili kabla bei haijashuka.

Magari hayo bado yanafanya kazi kubwa katika biashara ndogo ya mpakani, ingawa serikali zetu zimeonyesha wazi kwamba hayatakiwi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia magari ya zaidi ya miaka 15. Tanzania haikupiga marufuku, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyokwisha kuchakaa kwa umri. Matokeo yake ni kwamba magari yanayoingia sasa, kama Probox, kila plagi ina koili yake juu na hakuna waya. Yale ya zamani yenye distributa hayaongezeki, wala wenye nayo hawana fedha za kuyabadili. Wanayatengeneza.

Na hapo ndipo inapopotea klipu. Waya za plagi zinapotoka kiwandani hushikwa na vipande vya plastiki vyenye matundu, kila waya na tundu lake, ili zisigusane na zisilalie eksozi. Fundi akibadili waya huvitupa, au vimeshavunjika kwa joto. Ukimwuliza atakujibu, "Mzee, hivyo ni urembo tu, gari linatembea." Kutembea litatembea.

Lakini umeme unaopita humo si ule wa betri wa volti 12. Koili huupandisha hadi volti 20,000 na zaidi, nao hutafuta njia fupi ya kufika kwenye bodi. Waya uliolalia chuma cha moto ngozi yake hukauka na kupasuka, cheche zikavuja nje badala ya kufika kwenye plagi. Hata ngozi ikiwa nzima, waya mbili zikienda sambamba zimebanana, umeme wa mmoja unaweza kuamsha umeme katika mwingine. Injini nyingi za Toyota za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Angalia vizuri: silinda ya 3 hufuatwa na ya 4, na ya 2 hufuatwa na ya 1. Ni majirani. Waya wa 3 ukiipa cheche silinda ya 4 kabla ya zamu yake, injini inagonga na kukosa nguvu mlimani, na fundi ataanza kukuuzia kabureta.

Gari likimisi silinda moja kati ya nne, umepoteza takriban robo ya nguvu, na petroli ya silinda hiyo inatoka kwenye eksozi bila kuungua. Unailipia vilevile. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, kimeondoa ule mtindo wa kusimama mara mbili, kila upande na foleni yake. Kwa mwenye karatasi kamili, kwa maoni yetu, hasara ya nyanya siku hizi hutokea zaidi barabarani boneti likiwa wazi kuliko dirishani kwa ofisa wa forodha.

Kwa nini basi asinunue seti mpya yenye klipu zake? Hapa biashara ya mpakani ina kasoro ambayo haizungumzwi sana. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasili, pasipo ushuru wa forodha. Lakini ni kwa bidhaa iliyotoka ndani ya Jumuiya. Vitunguu vinapita. Waya za plagi kutoka Japani au China hazipiti kwa cheti hicho, hata kama zimenunuliwa Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga. Basi spea huvushwa chini ya kiti, bila karatasi. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ushindani, lakini mwenye kununua spea iliyopita njia ya panya hana risiti. Akiuziwa feki, atamshitaki nani?

Ushauri wetu ni kugawa matumizi. Waya zenyewe nunua halisi, kwa risiti, hata kama ni ghali. Klipu tengeneza mwenyewe, maana hazina siri yoyote.

Chukua ubao wa plastiki mgumu wa kukatia nyama, ule mweupe, wenye unene wa milimita 6 hadi 10. Kata ukanda kwa msumeno wa chuma. Pima waya zako, kwa kawaida ni milimita 7 au 8, kisha toboa matundu ya kipimo hicho yakiachana kama sentimita 2 au zaidi. Kata mlango mwembamba kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, uwe mdogo kuliko waya, ili waya uingie kwa kubanwa na usitoke. Piga msasa kingo zote, kwani ncha kali itakata ngozi ya waya na utakuwa umejiletea ugonjwa uleule. Vipande viwili au vitatu vinatosha injini ya silinda nne. Plastiki hiyo hulainika kwa joto, hivyo iweke mbali na eksozi. Sehemu ya moto inataka nailoni ngumu au silikoni.

Utingo wengi hufunga waya kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli au waya wa kufungia. Vyote viwili ni makosa. Chuma ni njia ya umeme, na mpira mweusi wa tyubu una kaboni ndani yake na huozeshwa na oili. Zaidi ya hapo, kufunga ni kuzikusanya waya pamoja, kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Kabla ya kupanga upya, mwambie fundi apime kila waya kwa mita: Toyota huweka kikomo cha kilo-omu 25. Ukizidi hapo, klipu haitausaidia. Halafu usiku, mahali penye giza, washa injini na ufungue boneti bila kugusa kitu. Ukiona vimulimuli vya bluu vikirukaruka kando ya waya, usipakie mzigo kesho yake.