Mtoto anahitaji sikio kabla ya kishikwambi

KANDO YA BONDE
Na Daudi Kiptoo

Juma lililopita mpwa wangu wa Gredi ya 4 alikuja kukaa nasi Kaptembwo, hapa Nakuru, siku tatu, mamake akiwa zamu ya usiku kwenye mashamba ya maua huko Naivasha. Jioni ya kwanza nikampa kitabu cha hadithi anisomee huku nikimenya viazi. Akaanza: "M-ku-li-ma. Mkulima. A-li-mwa... alimwa-mbi-a." Kufikia nukta alikuwa ameshasahau nani kaambiwa nini. Bila kumwambia, nikafungua saa ya simu nikampima. Dakika moja, maneno 19.

Mtoto huyu si mzito wa akili. Ukimtuma dukani atakurudishia chenji kamili na kukueleza nani kagombana na nani pale stejini. Herufi anazijua zote, silabi pia. Kinachomkwamisha ni kwamba kila neno analifungua kama kufuli, na akimaliza kufungua la tano, la kwanza limeshajifunga.

Kenya ina kipimo cha jambo hili. Kwa madarasa ya chini, msomaji mwenye ufasaha anatarajiwa kusoma maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, au 65 ya Kiingereza. Wapo wanaodhani tofauti hiyo ni dharau kwa Kiswahili. Hapana. Andika "hawakutuambia": kwetu ni neno moja, Mwingereza atatumia matano. Mtoto wetu hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa kila neno, na ni haki apewe muda.

Sasa, ukizungumzia teknolojia na kusoma katika nchi hii, watu wote hukumbuka zile laptopu za Gredi ya 1, enzi hizo darasa la kwanza. Ahadi ilitolewa 2013. Vifaa vilipoanza kufika 2016 vilikuwa vimegeuka vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja viligawanywa kwa shule za msingi za umma. Nimeingia shule moja upande wa Njoro nikaonyeshwa vyake. Vimo ndani ya kabati la chuma, nyuma ya mlango wa chuma, katika ofisi yenye madirisha ya vyuma. Betri zilikufa zamani. Mwalimu aliyenionyesha alivigusa kama mtu anayepangusa picha ya marehemu.

Lakini kuna kisa kingine ambacho hatukisimulii, nacho kina mguu mmoja hapa kwetu. Kati ya 2011 na 2014 Wizara ya Elimu ilifanya majaribio ya kufundisha kusoma na hesabu yaliyoitwa PRIMR, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoshiriki. Huko Kisumu watafiti wa mradi huo wakauliza swali ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulisikia: je, kifaa kikiwa kimoja, apewe nani? Kundi moja la shule, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. La pili, walimu walipewa vishikwambi. La tatu, kishikwambi alipewa yule afisa anayezunguka kuwakagua walimu na kuwasaidia. Matokeo yalichapishwa 2016. Hakuna kundi lililoyaacha mengine kwa umbali wa maana. Na ukipiga hesabu ya kila shilingi, vitabu, mwongozo wa mwalimu na mafunzo bila kifaa chochote vilileta faida kubwa zaidi.

Ndipo Tusome, mpango wa kitaifa wa kusoma ulioanza 2015 katika shule zaidi ya 20,000, ukashika njia ya bei nafuu: kila mtoto kitabu chake, na kishikwambi mkononi mwa afisa wa usaidizi wa mtaala, ambaye walimu humwita CSO tu. Aliketi nyuma ya darasa, akafuatilia somo, kisha akaita watoto watatu, kila mmoja amsomee kwa dakika moja. Kifaa kilihesabu maneno na kuonyesha mahali alipokuwa afisa, na nauli yake ililipwa kwa ushahidi kwamba kweli alifika. Mwalimu wa Kuresoi ambaye kwa miaka hakuwa amemwona mgeni wa aina hiyo akaanza kuijua hodi ya pikipiki kwa mlio wake.

Kwangu mimi siri ya Tusome iko hapo. Kishikwambi kilifanya kazi kwa sababu kilimlazimisha mtu mzima amsikilize mtoto akisoma.

Fedha nyingi za Tusome zilitoka kwa USAID, na 2025 Marekani ililifunga shirika hilo. Kwa hivyo hatuna tena wa kumngojea. Serikali kuu ikiniuliza, ningenunua mafuta ya pikipiki za CSO kabla ya kununua kioo kingine cha kugusa. Kaunti ya Nakuru nayo, iliyopewa elimu ya chekechea na Katiba, ianze mapema kuwasomea watoto hadithi kwa sauti, maana mtoto asiyewahi kusikia sentensi ikisomwa vizuri hajui anachokitafuta.

Najua nitajibiwa: darasa lina watoto 70, mwalimu amsikilize nani? Ni kweli, na hapo ndipo simu inapostahili nafasi yake. Si lazima iwe ya bei. Hata kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, nyingi zina kinasa sauti. Mtoto anasoma aya fupi, anajisikiliza, anarudia aya ileile mara tatu au nne. Penye simu janja, mama aliye zamu Naivasha anaweza kutumiwa sauti hiyo kwa WhatsApp na kuisikiliza wakati wa chai. Bibi asiyejua hata herufi moja bado husikia mjukuu akikwama. Yale makundi ya WhatsApp ya wazazi, ambayo siku zote hutukumbusha karo na karatasi za chooni, yangepata kazi ya heshima.

Programu zinazomsikiliza mtoto zenyewe na kumsahihisha zinakuja, na tangu 2021 sauti za Kiswahili zinakusanywa katika mradi wa Common Voice wa Mozilla ili mashine zituelewe. Heri. Ila sauti ya mtoto wa miaka minane wa mtaa wa Rhonda, mwenye Kikalenjin nyumbani na Sheng' njiani, si sauti ya mtangazaji wa redio. Mashine itakayomwambia amekosea ilhali amesoma sawa itamfunza kunyamaza.

Na tusiwageuze watoto kuwa matatu za Gilgil, wakikimbiza maneno tu. Akimaliza aya, aulizwe: nani kaambiwa nini?

Mpwa wangu tulimrekodi jioni zote tatu, aya ileile ya mkulima. Jioni ya tatu alifika maneno 38, na katikati akakatiza akacheka, kwa kuwa alikuwa ametambua kwamba mkulima anadanganywa na sungura. Kabla ya kupanda gari akaniomba, "Mjomba, futa ile ya kwanza." Nimekataa. Mamake bado hajaisikia.